Kofia ya Gego la Mama Mwajuma

Mwanangu, umeniambia umepata chumba pale Picha ya Ndege na unataka kuanza kazi yetu ya meno. Nimefurahi kweli. Lakini kabla hujawasha tanuri, ipo siku moja naikumbuka mpaka leo, nataka uende nayo.

Nilikuwa najifunza kazi kwa Fundi Pazi, kwenye chumba cha nyuma ya kliniki ya meno hapa Kibaha. Mama Mwajuma alikuja kutoka Kisarawe kuvalishwa kofia ya chuma kwenye gego. Upande ule alikuwa amebakiwa na gego hilo tu, na daktari alishalichonga tayari. Kofia ikagoma kuingia. Ilikaa juujuu, inabana.

Unajua tunavyofanya. Kofia tunaichonga kwanza kwa nta, tunaifunika kwa unga wa kalibu uliokorogwa, tunachoma mpaka nta iishe, kisha chuma kinamiminwa palepale ilipokuwa nta. Chuma kikipoa husinyaa. Ndiyo maana unga ule una maji yake maalumu, yanayoufanya utanuke kwanza. Sasa joto la huku si unalijua? Unga unaganda hata hujamaliza kuumimina. Jana yake Fundi Pazi alikuwa ameongeza maji ya bomba ili usimgandie haraka. Kalibu haikutanuka vya kutosha, kofia ikatoka ndogo.

Mama Mwajuma akatufuata hadi mezani.

"Jamani, si msugue ndani kidogo iingie? Jumamosi namwoza binti yangu!"

Nikashika mashine ya kusugulia. Nisikufiche, sikuwa namwonea huruma yeye. Sikutaka mwalimu wangu aaibike mbele ya mteja. Fundi Pazi akanishika mkono.

"Weka chini. Ukisugua itaingia, lakini itaacha upenyo. Gego litaoza humo ndani na mwenyewe hana habari." Kisha akamgeukia. "Dada yangu, kosa ni langu. Niliharibu kalibu. Niruhusu nianze upya."

Mama Mwajuma alikasirika, na alikuwa na haki. Harusini alikula pilau kwa upande mmoja, gego limefunikwa kofia ya muda ya plastiki. Aliporudi, kofia mpya ikateleza ikakaa yenyewe. Akauma meno, akapitisha ulimi, akatushangaa.

"Mbona kama hamjaniwekea kitu?"

Fundi Pazi alicheka mpaka akatafuta kiti.

Mwanangu, mimi nilitaka kulinda heshima ya mwalimu wangu kwa gego la mtu mwingine. Usije ukafanya hivyo. Utakosea, maana sote tunakosea. Siku hiyo usitafute pa kusugua. Sema kosa ni lako, kisha rudi kwenye kalibu, hata kama mteja amenuna na harusi ni kesho.

Mungu akupe mikono iliyotulia na mdomo usioona haya kukiri. Na wateja wako wale pilau, wacheke, wasahau kabisa kwamba kazi yako imo vinywani mwao.