Florida Ni Mimi

Kijiko kilianguka saa nane na dakika kumi mchana. Florida Jelagat alitupia jicho saa ya ukutani kabla hajamtazama mzee, maana ndivyo alivyofundishwa katika kazi yake ya kutunza wazee: ukishuku kiharusi, shika saa kwanza, madaktari watakuuliza. Kisha akamtazama. Mwalimu Dakarai alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, bakuli la uji mapajani, upande wa kulia wa uso umeporomoka na mkono wa kulia umelala kama si wake.

"Mwalimu! Niongeleshe! Sema chochote!"

Mzee alifungua mdomo, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake. Nusu saa tu kabla ya hapo alikuwa akimkosoa Florida kwa kusema "vitu mingi". Mmarekani Mweusi wa miaka themanini na moja, aliyejifunza Kiswahili chuoni enzi za ujana wake na kujichagulia jina la Dakarai siku hizo hizo, hakuona haya hata kidogo kumsahihisha Mnandi aliyekiongea tangu shule ya msingi. Sasa alikuwa amekata kauli. Florida alijua hali hii haisubiri: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni ina muda wake, na kila dakika inayopita huondoka na kitu. Inaweza kuwa mkono. Inaweza kuwa maneno yote aliyowahi kuyajua.

Simu yake ya mkononi ilikuwa imezima. Asubuhi alipanda mabasi mawili kutoka Langley Park, ambako barabara imechimbwachimbwa kwa ajili ya reli mpya, na njia nzima alikuwa akipiga soga na dada yake aliye nyumbani kwao Kapsabet. Chaja aliisahau nyumbani. Basi akarukia simu ya nyumba, ile ambayo mzee alihama nayo alipoletwa Rockville, jimbo la Maryland, na binti yake Zaria, akabonyeza namba ya dharura.

"Mzee wangu amepata stroke! Ana miaka themanini na moja. Haongei. Harakisheni, please!"

"Tulia, mama," mwanamume wa upande wa pili alimjibu kwa Kiingereza hicho hicho alichotumia Florida. "Naona hapa simu ya Dakarai Whitfield. Ndipo ulipo?"

"Ndiyo, kwa Dakarai Whitfield!"

"Jina lako?"

"Florida."

"Florida, ndiyo, naona hapa. Nauliza jina lako wewe."

"Florida! Ni Florida!"

"Sawa, mama, tumeelewana. Ambulensi imeshatoka. Usimpe chakula wala maji, na usikate simu."

Florida alishusha pumzi. Kumbe hawa watu wanamjua mwenye nyumba kabla hata hujamtaja! Akampangusa mzee uji kidevuni na kumwegemeza kwa mto.

Hapa lazima tulieleze jina hili, maana ndilo lililotaka kuua mtu. Baba yake Florida, Kiplagat, alipompeleka kubatizwa, katekista alimfungulia daftari la majina ya Kilatini, naye akachagua lililomjaa vizuri mdomoni. Maana yake hakuuliza. Kijiji kilikuwa na akina Perpetua, Redempta na Skolastika, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Darasa la nne lilikuwa na Florida watatu, na mwalimu aliwatofautisha kwa kimo. Yeye alikuwa Florida Mfupi, na alilichukia hilo la pili kuliko la kwanza.

Kisha akaja Amerika, miaka kumi na sita sasa, na jina likageuka kichekesho. "Florida? Mbona usiitwe Maryland?" Kila mtaniaji hudhani yeye ndiye wa kwanza. Kuna karani aliyewahi kuliandika mahali pa jimbo, halafu akamrudishia fomu akidai hajajaza jina.

Mwalimu Dakarai peke yake hakucheka. Alikuwa amefundisha Kilatini miaka thelathini huko huko jimboni Florida, na siku ya kwanza tu alimkalisha kitako. "Jina lako halikutoka kwa jimbo, Bi Florida. Jimbo ndilo lililochukua neno lako." Akamweleza kwamba kwa Kilatini ni kitu cha kike kilichochanua, kilichojaa maua, na kwamba Wahispania walilipachika pwani ile walipofika majira ya Pasaka. Zamani, alisema, hata wanawake Weusi wa Kusini waliitwa hivyo, shangazi ya bibi yake akiwemo. Halafu likafifia, wasichana wakapewa majina mengine, na leo waweza kuzunguka wodi zote za wazazi za Maryland usimpate hata mmoja. Florida, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, alirudi nyumbani siku ile akitabasamu peke yake ndani ya basi. Alimpenda mzee yule kwa hilo, alimpenda hasa, kama mtu anavyompenda baba yake mdogo.

"Mama," sauti ya simuni ikasema, "wahudumu wamefika. Wako mlangoni wanagonga. Wafungulie."

Florida alikuwa ameshaufungua mlango zamani. Alisimama kizingitini, simu sikioni. Mbele yake palikuwa na gari la jirani, debe la taka na barabara tupu.

"Hakuna mtu hapa."

"Wanagonga, mama. Wanasema nyumba iko kimya. Wanataka kuvunja kioo."

"Kioo gani? Mimi nimesimama mlangoni!"

 Sauti ya yule mwanamume ikabadilika. "Mama, uko mji gani?"

"Rockville!"

"Rockville ya wapi?"

"Maryland!"

"Uliniambia Florida."

"Florida ni mimi!"

Ndipo alipoelewa. Simu ile ilifanya kazi kwa intaneti, na anwani iliyosajiliwa nayo ilikuwa bado ile ya zamani. Kituo kilichoipokea kilikuwa kusini, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo, na wahudumu walikuwa wakigonga nyumba ambayo Mwalimu alihama miaka miwili iliyopita. Kwa Kiswahili "ni Florida" na "niko Florida" havichanganyiki hata ukiwa umelala. Kwa Kiingereza chake cha mbio, vilikuwa kitu kimoja.

"Usikate," yule mwanamume alisihi. "Nakuunganisha na watu wa kwenu. Tafadhali, usikate."

Ikaita. Ikaendelea kuita. Florida alipiga magoti, akaushika mkono wa mzee ulio mzima, macho kwenye saa. Saa nane na dakika kumi na tisa. Ishirini. Alikuwa akimwomba Mungu kwa Kinandi, akimkasirikia baba yake marehemu na daftari la katekista. Sauti mpya ilipoitika, hakungoja swali. Alitaja anwani, mji, kaunti na jimbo, na alipoulizwa jina alisema, "Jelagat."

Ambulensi ilifika saa nane na dakika ishirini na nane.

Hospitalini dawa ilitolewa, lakini hakuna aliyeweza kusema kama ilitolewa mapema vya kutosha. Zaria alifika mbio kutoka ofisini, macho mekundu. Kiswahili hukielewa kwa shida, hakiongei.

"Miss Florida, kwa nini uliwaambia mko Florida?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Sikusema tuko. Walitaka jina, nikawapa." Kisha akamweleza habari ya simu.

Zaria alikaa kitini taratibu. Anwani ile, yeye ndiye aliyepaswa kuibadilisha. Florida hakumwongezea neno.

Jioni daktari kijana alikuja kumpima mzee. Alimuuliza anaitwa nani. Hakujibu. Alimuuliza ni mwaka gani. Kimya. Zaria alikuwa akiuma kidole.

"Unajua uko wapi?"

Macho ya mzee yalizunguka chumba kizima yakatua miguuni pa kitanda. Midomo ikahangaika. "B... Bi... Florida."

Daktari akaandika. "Sauti inarudi, ila ana kigugumizi," alimwambia Zaria kwa upole. "Na amechanganyikiwa. Anadhani yuko Florida. Tujiandae, huenda akili imeguswa." Zaria akaangua kilio.

 Mchana kutwa neno hilo lilikuwa limemletea Florida balaa, na sehemu yake moja ilitaka kunyamaza.

"Daktari, futa hapo," alisema. "Hiyo 'Bi' si kigugumizi. Ni Kiswahili, ni heshima ya mwanamke. Hakuna anayeliita jimbo Bi."

Daktari alimtazama Zaria, Zaria akatikisa kichwa kukubali huku akifuta machozi. Basi daktari akamwinamia mzee, akamwonyesha kwa kalamu yule mwanamke mfupi aliyesimama miguuni pa kitanda.

"Mzee, huyu ni nani?"

Mzee alivuta pumzi. Safari hii hakukwama. "Bi Florida."

Daktari akakata alichokuwa ameandika, akamgeukia Florida na kumwomba amtajie jina hilo herufi kwa herufi.