Wingu Zito la Sericho

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa habari ya maji kabla ya kuulizwa habari ya vyeti. Nilishuka kwenye lori la mizigo pale Sericho, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, nikamkuta Mkuu wa Shule amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Alikuwa Mmeru wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokukaribisha chai. Mimi nilikuwa binti wa Kiturkana kutoka Isiolo mjini, nimetoka chuoni juzijuzi, na nilidhani ualimu wa Kiswahili ni kujua Kiswahili tu.

"Karibu, mwalimu. Umebeba maji?"

"Hapana, mkuu. Nimebeba vitabu."

"Vitabu hatunywi," akasema, akaniletea kikombe mwenyewe. "Sasa nisikilize. Utafundisha sarufi na insha. Ushairi tunaruka. Hawa watoto hawauwezi, na swali lenyewe si la lazima. Kwa nini wajiumize?"

Nilikunywa yale maji ya chumvichumvi kwa heshima, lakini moyoni nilikataa katakata. Ushairi ndio ulionifanya niipende lugha hii ambayo kwetu nyumbani iliongewa kwa kubahatisha. Baada ya wiki chache za kumzungukazunguka kama nzi, alinikubalia nijaribu na kidato cha nne mpaka mtihani wa majaribio, ule unaotangulia mtihani wa taifa. Wakianguka, alisema, tunafunga hilo duka.

Ninyi walimu vijana mnaosoma haya mna projekta na video za kuwaonyesha wanafunzi kila kitu. Sisi tulikuwa na chaki, tena ya kugawana. Kwa hiyo nilianza na walichonacho. Wanafunzi wangu wengi walikuwa Waborana, na kila mmoja wao alishawahi kusimama kisimani wakati wa kunywesha mifugo. Wanaume hujipanga toka chini hadi juu, ndoo inapanda kutoka mkono hadi mkono, na wimbo ndio unaouambia mkono lini upokee na lini uachie. Niliwaambia hiyo ndiyo mizani, yaani hesabu ya silabi katika kila mshororo wa shairi. Mshororo mmoja ukizidi silabi, ndoo inamwagika. Hakuna mtoto wa Sericho anayependa kuona maji yakimwagika, na tangu siku hiyo walihesabu silabi kwa vidole wakiwa wamekunja nyuso kama mahakimu.

Tashbihi na istiari niliwafundisha kwa baba yangu mzazi. Baba alikuwa na fahali mwekundu aliyempenda kupita kiasi, na rika lake walimwita baba kwa jina la fahali huyo. Akicheza ngoma aliinua mikono juu akaipinda kama pembe. Ukisema mzee yule ana nguvu kama fahali, hiyo ni tashbihi, kwa sababu umelinganisha, na neno "kama" limebaki katikati. Lakini baba hakuimba kwamba anafanana na fahali. Aliimba kwamba pembe zake zimepinda na kwato zake zinachimba ardhi. Kile kitu kimekuwa kitu kingine kabisa, na hiyo ndiyo istiari. Nilicheza ile ngoma mbele ya darasa, mwalimu mzima na sketi yake, na kicheko chao kilisikika hadi ofisini. Mkuu alichungulia dirishani, akatikisa kichwa, akarudi zake.

Aliyenishinda kwa maswali alikuwa Talaso, msichana mwembamba wa familia ya wafuga ngamia, ambaye hakukubali jambo mpaka aligeuze pande zote. Nilipofundisha tashihisi, yaani kukipa kisicho mtu tabia za mtu, nikatoa mfano wa jua linalotabasamu, alisimama.

"Mwalimu, hiyo jua ya kutabasamu iko wapi? Yetu inapiga watu."

Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia, vizuri, basi hilo linalopiga watu pia ni tashihisi, andika hilo lako. Nilijivunia darasa lile, nasema bila haya.

Mtihani wa majaribio ukafika. Ulitungwa na jopo la walimu mjini, na ukasahihishwa hukohuko. Lilikuwamo swali la ushairi, na wanafunzi wangu wote walilijibu. Wiki kadhaa baadaye Mkuu wa Shule aliniita. Karatasi zilikuwa mezani na uso wake ulikuwa umefura.

"Mwalimu, kaa chini. Soma hii mstari."

Nikasoma: "Moyoni wingu latanda, silali hukesha macho."

"Swali linasema, eleza hali ya nafsineni. Huyo nafsineni ni nani?"

"Ni yule anayesema ndani ya shairi, mkuu."

"Sawa. Huyo mtu ana huzuni, hata mimi wa hesabu naona. Sasa tazama majibu ya watoto wako. Ana furaha. Ana furaha. Ana furaha na matumaini makubwa. Darasa nzima! Kosa moja, jibu moja. Wasahihishaji wanasema wamenakiliana. Mkaguzi anakuja. Akithibitisha, darasa nzima linasimamishwa na hawakalii mtihani wa taifa. Na wewe ndiye ulikuwa msimamizi chumbani."

Maji yalinifika shingoni. Mimi ningemwaga unga, sawa, ningerudi mjini nikauze hata mboga. Lakini wale watoto walikuwa wamefika kidato cha nne kwa ng'ombe waliouzwa wakati wa kiangazi, na wengine, kama Talaso, wakikosa mtihani mwaka ule hakuna ambaye angewarudisha shuleni. Talaso angeolewa kabla ya mvua nyingine. Niliogopa kweli, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu, maana nilikuwa chumbani mle na nilijua hakuna shingo iliyogeuka.

Mkaguzi wa Shule alikuwa mtu wa Pwani, mnene kidogo, kanzu yake nyeupe ikishangaza katika vumbi letu. Alitoa salaam aleikum, darasa zima likaitikia. Kisha akauliza kwa upole ni nani aliyemwonyesha mwenzake jibu. Akauliza tena. Talaso akasimama.

"Afisa, hakuna mtu alionyesha mtu. Swali ilikuwa rahisi."

"Rahisi? Nawe uliandika mtu huyu ana furaha?"

"Ndiyo. Wingu imetanda. Wingu ikitanda, bokka inakuja."

"Bokka ni mvua," nikamwelezea.

"Sasa kwa nini halali?" mkaguzi akauliza. "Mtu mwenye furaha hulala fofofo."

Talaso akamtazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mgeni asiyejua kufunga kamba. "Mvua ikija nani atalala? Mbuzi iko kwa laga, kwa ule mto mkavu, maji itabeba. Ndama inatetemeka. Watu wote wanakesha, wanaimba. Afisa, huko kwenu wingu inaleta nini?"

"Mafuriko, binti yangu. Kunyesha siku nzima, hata nguo hazikauki."

"Aaa," akasema Talaso. "Basi hiyo ni wingu yenu."

Mkaguzi alikuna kidevu. Nilipata nafasi nikapiga moyo konde. Nikamwomba aende mwenyewe kidato cha kwanza, ambao hawakuwa wameuona mtihani ule, asimwachie mtu yeyote kuwadokeza, awasomee mstari ule mmoja, kila mtoto aandike peke yake yule anayesema anajisikiaje. Mimi na Mkuu tulibaki nje ya mlango kama wazazi wodini. Tulimsikia akisoma, tukasikia kalamu, kisha tukamsikia akicheka. Alitoka na karatasi mkononi akampa Mkuu. Mtoto wa kwanza aliandika kwamba yule mtu amefurahi kwa sababu ng'ombe watarudi. Wa pili aliandika amefurahi. Wa tatu alichora majani.

"Hapana aliyenakili kwa mwenziwe hapa," mkaguzi akasema. "Wamenakili kutoka mbinguni kwao."

Lakini hakuwa mtu wa kupendelea, na hilo nilimheshimu. Alirudi kidato cha nne akawaambia hawana hatia, ila alama hawapati. Akawasomea ubeti uliofuata, ambamo nafsineni analia kaburini kwa mamaye. "Je, huyu naye anangoja mvua?" Darasa likainamisha vichwa. Nilichukua chaki nikaandika ubaoni maneno niliyoyaandika kila mwaka tangu siku ile: *Wingu la nani?* Istiari haikai peke yake. Kabla hujasema inamaanisha nini, mwulize anayesema anga lake likoje, kisha utafute ushahidi katika mishororo ya jirani.

Mkuu hakulifunga lile duka, na wote walifanya mtihani wa taifa. Walijibu swali la ushairi wote, na walilipita vizuri kuliko insha. Mkuu hakuwahi kuniomba radhi, hakuwa mtu wa mambo hayo. Muhula uliofuata nilikuta amepanga vipindi vya ushairi katika kila kidato, akavipa saa za asubuhi, kabla joto halijawapumbaza watoto.

Baadaye nilihamishwa Kinna. Pale swali langu lilizua vita darasani, kwa sababu watoto wa wafugaji walilishangilia wingu na watoto wa mashamba ya mifereji wakalilaani, nyanya zao zinaoza mvua ikizidi. Nikawaacha wabishane hadi kengele, kila upande ukichimba ubeti kutafuta ushahidi, na mwalimu wa jirani akaja kuuliza kama kuna nyoka. Nikamalizia mjini Isiolo nikiwa Mkuu wa Idara ya Kiswahili, na watoto wa Sheng, wa wauza miraa, wa makarani na wa wafugaji kwenye dawati moja. "Ticha, hiyo wingu ni stress tu," kijana mmoja aliniambia. Nikamjibu, nithibitishie kwa ubeti, na akathibitisha.

Nilistaafu juzi, na sherehe ilifanyika katika ukumbi wa shule. Walikuja wakubwa wa elimu kutoka Nairobi wakiwa na tai zao. Kutoka milimani alishuka Mkuu wangu wa kwanza, mzee sasa, akitembelea mkongojo, sauti yake ileile. Na kutoka Leparua alikuja mwalimu mkuu wa shule ya huko, mwanamke mwembamba asiyekubali jambo mpaka aligeuze pande zote. Ndiye aliyepewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wanafunzi wangu.

Talaso alisimama mbele ya kipaza sauti, akanitazama, akasema maneno machache tu. "Nimesoma hotuba nyingi, leo sisomi. Mwalimu huyu alikuja kwetu Sericho akiwa wingu zito. Ametanda juu ya maisha yangu tangu siku ile mpaka leo."

Wageni wa Nairobi walitazamana. Aliyeketi karibu nami aliniinamia, akaninong'oneza kwa masikitiko, "Pole, mwalimu. Mlikosana?"

Kabla sijamjibu, makofi yalianza nyuma ya ukumbi. Aliyeanza alikuwa Mkuu wangu wa kwanza, ameuegemeza mkongojo kwenye kiti ili mikono yote miwili iwe huru. Watu wa Sericho wakapiga vigelegele, na mimi, ambaye sikuwa nimelia siku nzima, nikalia kwa furaha na sikujificha.

"Hapana, bwana," nikamwambia mgeni. "Muulize wingu la nani."