Nilivyoshindwa kuitikia "marahaba" mbele ya baba: kozi ya maigizo Tabora, enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya kimya wa jukwaa hili, mwaka wa ngapi huu sijui. Leo nimeona kijana mmoja analalamika kwamba baba yake hataki asomee sanaa, nikasema ngoja nami nifungue uzi wangu. Nimeshapita themanini, sina sababu ya kuwapiga kamba. Nilipopasahau nitawaambia nimepasahau.

Na wale mnaodhani drama zilianza na televisheni, poleni sana.

Miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza lilitoka tangazo kwamba chuo kikuu kimoja cha kwao kitaendesha mafunzo ya kuigiza wakati wa likizo. Karani aliyelitafsiri aliandika "Kozi ya Majira ya Joto". Kweli, kwao mwezi wa saba ni joto. Sasa watu wa Tabora mnaujua mwezi wa saba wa kwetu, asubuhi unatoka nje na blanketi mabegani. Tulifika kwenye majira ya joto meno yanagongana.

Tanganyika nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, kwa hiyo chuo kikuu kilitufuata. Kilikuja kwa umbo la mwanamke mmoja mrefu, mwalimu wa maigizo, tukimwita Misi Odri. Alipewa majengo ya chuo cha ualimu kilichokuwa kimefunga kwa likizo. Washiriki walikuwa walimu wa shule za msingi, na sisi vijana wachache tuliotaka kuwa walimu.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, msiparuke.

Nilikuwa nimemaliza shule ya kati. Chuo kile kilikubali kunichukua mwakani kusomea ualimu, ila nihudhurie kozi hiyo kwanza, na mzazi wangu aridhie. Mimi ualimu niliutaka kuliko chakula. Mzazi ndiye aliyekuwa kazi.

Kwetu ni nyuma ya seminari ya Kipalapala, mapadri wakipiga kengele tunaisikia tukiwa shambani. Baba alikuwa mkulima wa karanga na mihogo, Mkatoliki wa kwenda misa hata njia ijae tope. Alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kupima vitambaa kwenye duka la Mhindi mmoja mjini. Aliposikia ualimu wenyewe unaanzia kwenye maigizo, akaweka jembe chini.

"Nilikupeleka shule usome," akaniambia, "si ujifunze kudanganya watu mchana kweupe."

Mama akaniombea. Wakafikia mwafaka: niende, na siku ya mwisho baba atakuja aone kwa macho yake. Akiona upuuzi, Jumatatu naanza dukani na habari ya ualimu tusiirudie tena.

Nikaenda na roho mkononi.

Siku za kwanza, wakuu, nilijua kabisa naelekea dukani. Misi Odri alitwambia tuwe miti. Mwalimu mmoja akanyoosha mkono akauliza mti gani, mninga au mtundu, kwa sababu haisimami namna moja. Misi akasema mti wowote. Yule bwana akasimama pale mpaka kengele ya chai, hakutikisika hata kidogo, na Misi akamsifu sana. Baadaye tukatembea kama simba, tukala machungwa ambayo hayapo, tukalia bila msiba. Mimi nilikuwa nafanya yote huku namwona baba kichwani, amekaa, ananitazama nikila chungwa la hewa.

Naona kuna mkuu ameuliza hapo chini kama wanawake walikuwepo. Walikuwepo, wachache. Mmoja ni Mwalimu Salome, wa Moravian kutoka Sikonge, na mtamsikia muda si mrefu.

Wiki ya pili Misi akasema tutunge mchezo wetu wenyewe kutokana na habari za kwetu. Kila mtu atoe kisa. Mimi nikatoa cha babu yangu.

Babu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani, kwa miguu, kama walivyofanya Wanyamwezi wengi kabla ya reli. Safari moja alikwenda akakawia miaka. Aliporudi, mtoto aliyemwacha mgongoni kwa mama yake alikuwa mkubwa wa kuchunga mbuzi, na hakumjua. Huyo mtoto ndiye baba yangu. Kisa nilihadithiwa na bibi, kwa sababu baba mwenyewe hakuwahi kukitaja.

Wote wakakipenda. Misi Odri akagawa nafasi, na alichoangalia yeye ni kimo na sauti. Mimi nilikuwa mrefu, sauti nzito, basi nikawa babu mpagazi. Nafasi ya mtoto akampa Mwalimu Kondo.

Mwalimu Kondo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, serikali ilimhamishia huku siku nyingi. Mfupi, uso laini, kidevu hakijawahi kuona unywele. Ila alikuwa mtu wa makamo, rika la baba yangu, ana wajukuu. Sote tulimwogopa kwa nidhamu. Mimi kila asubuhi nilimwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa.

Sasa sikilizeni mkasa.

Kwenye mchezo, mpagazi anaingia na mzigo begani. Mtoto anatokea, anamtazama, halafu anasema, "Shikamoo, baba." Mpagazi anaitikia, "Marahaba, mwanangu." Basi, ndiyo kilele cha mchezo wote, maneno manne.

Tulijaribu mara ya kwanza. Mwalimu Kondo akasema shikamoo yake kwa shida, kama mtu anayemeza mfupa. Na mimi, mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Shikamoo, mwalimu."

Watu wakaanguka kwa kicheko.

Tukarudia, nikafanya vile vile. Tukarudia tena, safari hii nikanyamaza kabisa, na Mwalimu Kondo akageuka akaenda kunywa maji. Hebu jiulizeni wenyewe, mtu ana umri wa baba yako, akuamkie, halafu wewe kijana usimame upokee? Ulimi unakataa. Na yeye ulimi wake ulikuwa unakataa vile vile.

Misi Odri hakuelewa. Kwake yeye hiyo ilikuwa kama kusema habari za asubuhi tu. Akapendekeza mtoto aseme "hujambo". Ukumbi mzima ukaguna. Mtoto gani anamwambia baba yake hujambo? Hata watazamaji wangeondoka. Akataka kubadilisha watu, ila hakuna kijana mwingine aliyekubali nafasi yangu, wote walikuwa wameshaona. Nikaanza kuhisi harufu ya vitambaa vipya vya dukani.

Tukiwa kwenye chai, Mwalimu Salome akatusogelea mimi na Mwalimu Kondo. Tulikuwa tumekaa kila mtu upande wake kama waliogombana.

"Hivi ninyi si watani?" akasema. "Mzaramo na Mnyamwezi, mnaoneana haya ya nini?"

Wakuu ambao hamjui, utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara. Wapagazi wetu walipofika pwani walipokelewa na wao, wakaumwa pamoja, wakazikana, wakaishia kutukanana bila kukasirikiana. Mtani anaweza kuchukua kuku wako ukamtazama tu. Tulilijua hilo wote wawili. Ila Mwalimu Kondo aliogopa Mzungu asije akaripoti kwamba anatukana vijana kwenye kozi ya serikali, na mimi ningeanzaje kumtania mtu niliyemwinamia kila asubuhi?

Mwalimu Kondo akaweka kikombe chini. Akanitazama toka juu mpaka chini, taratibu.

"Kumbe siku zote hizi namheshimu mpagazi wangu," akasema. "Babu yako alikula muhogo wa kwetu akaondoka bila kuaga."

Nikajisikia mwili unapata moto, nikajibu kwamba babu hakuaga kwa sababu wenyeji walikuwa wamelala, na Wazaramo huamshwa na ngoma tu. Chai ikamtoka puani. Kuanzia dakika ile, amani.

Mchana tukarudi kwenye mazoezi. "Shikamoo, baba, wewe mpagazi uliyesahau hata sura ya mkeo." "Marahaba, mwanangu, mbona kimo chako kimegoma?" Tukawa tunaongeza matusi ya utani kila mara, na ile shikamoo ikawa inapita laini. Misi Odri alidhani tunapigana kweli, akaja mbio kutuamulia. Mwalimu Salome akamweleza. Akafurahi sana, halafu akauliza Waingereza wao ni watani wa nani.

Tukatazamana. Mwalimu Kondo akasema labda Wajerumani.

Misi akacheka mpaka akakaa kwenye benchi. Mimi nikalala usingizi mzuri siku ile, wa kwanza tangu nifike.

Siku ya maonyesho ikawa Jumapili baada ya misa. Tulichezea nje, mbele ya baraza la chuo. Watu walikuja wengi: wanavijiji, wenye maduka wa Kihindi na familia zao kwenye viti, waseminari wa Kipalapala na kanzu zao nyeupe. Matusi ya utani tuliyaondoa, kwa kuwa mbele ya wageni mchezo ulitakiwa kuwa wa huzuni. Sisi hatukuona tatizo, ulimi ulikuwa umeshazoea.

Baba nilimwona nikiwa nimesimama kando na mzigo begani, nangoja kuingia. Amekaa benchi la mbele kabisa, kofia magotini, uso haujakunjuka. Hapo ndipo likanijia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Sikumwambia kwamba tunacheza kisa chake. Anakuja kuonyeshwa maisha yake mwenyewe mbele ya mji mzima, na mimi ndiye niliyeyatoa.

Niliogopa, wakuu. Sijui niseme vipi zaidi.

Nikaingia. Nikatua mzigo. Mwalimu Kondo akatokea upande wa pili na fimbo ya kuchungia mbuzi, akasimama mbali kidogo. Hakukuwa na utani usoni mwake. Alikuwa mtoto kweli, sijui alivitoa wapi vile.

"Shikamoo, baba."

Nikafungua mdomo. Baba yangu alikuwa hatua chache mbele yangu. Utani wetu na Mzaramo ulinisaidia mazoezini, lakini pale haukunisaidia kitu. Mbele ya baba yako mzazi, unapokeaje shikamoo ya mtu wa rika lake? Nikakauka.

Mtoto wa mtu akakohoa. Misi Odri alikuwa pembeni anachezesha midomo, ananisomesha neno. Neno nilikuwa nalo, halitoki.

Mwalimu Kondo akarudia, kwa sauti ya chini zaidi. "Shikamoo, baba."

Na mimi bado kimya. Nikaanza kuona watu wa nyuma wananyoosha shingo. Nikajua imekwisha, kesho dukani.

Ndipo baba akasema. Hakusimama, hakupaza sauti, alisema kutoka palepale kwenye benchi akinitazama machoni.

"Mzee, mwanao anakuamkia. Mwitikie."

Aliniita mzee. Baba yangu mzazi.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na machozi yakanitoka palepale. Watu wakadhani nimefundishwa. Mwalimu Kondo akaja akanishika mikono yote miwili, tukaendelea na mchezo hadi mwisho, ila yaliyofuata sikumbuki vizuri. Nilisema nitawaambia nilipopasahau, ndipo hapo. Nakumbuka makofi na waseminari wanasimama.

Watu walipotawanyika nikamkuta baba kwenye baiskeli yake, anafunga kofia kwenye karia. Nikasimama kando, nangoja hukumu. Hakuniuliza kwa nini nilitoa kisa chake, na mimi sikuwa na ubavu wa kulianzisha.

"Yule mtoto wenu kaamkia," akasema, bila kunitazama. "Mimi nilikimbia. Mzee alisimama pale uani peke yake, na mzigo wake."

Nilichoweza ni kufanya lile ambalo siku ile nilikuwa sijalifanya, kwa vile nilimwona nikiwa tayari nimevaa nguo za mchezo.

"Shikamoo, baba."

Akakaza kamba, akapanda baiskeli, akaweka mguu kwenye pedeli.

"Marahaba, mwalimu," akasema, akaondoka.

Wakuu, ndiyo hivyo. Nilifundisha mpaka nikastaafu, na kila shule niliyopita nilianzisha kikundi cha maigizo. Mwalimu Kondo tulitukanana hadi alipofariki, na msibani kwake nilifanya yote ambayo mtani hufanya, wanawe wakacheka huku wanalia.

Funzo langu kwa yule kijana mwenye uzi wake: usijichoshe kumbishia mzee wako kwa maneno, ila kuna siku muite akae mbele, umwonyeshe. Anaweza kuwa ana jambo lake ambalo hajapata pa kuliweka.

Haya, uwanja wenu. Nani humu mzazi wake alimkubali kwa neno moja tu, na lilikuwa neno gani? Wazaramo nanyi karibuni mtukane, nimekaa nawangoja.