Jicho zuri lilivyobeba sumu hadi jikoni

Jua halijafika hata nusu ya ukuta, na mgongo wa Bi Darubini umeshaanza kulalamika. Ameketi kwenye kigoda, miguu kainyoosha juu ya gunia kuukuu, ungo uko mapajani. Vidole vyake vinadonoa karanga kama kuku mwenye njaa. Nzima zinabaki. Iliyosinyaa, iliyopasuka, yenye weusi au ukungu wa kijani inarushwa kwenye ndoo bila yeye kuitazama ndoo. Haikosi hata moja.

“Huyu mwenzetu anaona mpaka dhambi za karanga,” anasema jirani yake wa kigoda cha pili, anayeitwa Pilipili kwa sababu ya ulimi wake. Wanawake wanacheka. Bi Darubini naye anatabasamu, lakini kwa upande mmoja tu wa mdomo.

Ni ghala la mabati, sakafu ya saruji, dirisha moja. Wachambuaji wako kumi na mmoja, na yeye ndiye mkongwe wao, miaka kumi na sita. Jina alipewa na msimamizi siku alipotoa ndoo mbili za mabovu kwenye gunia ambalo wengine walikuwa wamelipitisha.

Malipo ni kwa gunia. Akijikaza anamaliza mawili kwa siku. Hela hiyo inafika kwenye unga, sabuni na maji. Ikikaribia mboga, imeshakata roho. Ndiyo maana ghala lina desturi ya siku nyingi: karanga mbovu ni mali ya aliyezichambua. Wenyewe wanaiita haki ya ungo.

“Tuliiona baraka,” anasema. “Ukichambua vizuri, ndoo inajaa. Ndoo ikijaa, nyumbani kuna kiungo cha mboga. Basi mimi na jicho langu hili, nilikuwa narudi na ndoo iliyojaa kuliko ya yeyote.”

Nyumbani alikuwa na utaratibu wake. Anaziosha kwa maji ya chumvi mara tatu, anazianika, anazikaanga mpaka zinukie, anazitwanga. Unga ule uliunga mboga ya mumewe, ukaingia na kwenye uji wa mjukuu, mtoto wa binti yake anayefanya kazi mbali.

“Uchungu kidogo ulikuwepo. Tukauzima kwa chumvi, maisha yakaendelea.”

Mwaka jana mumewe, aliyekuwa akibeba magunia ghalani hapo hapo, alianza kukisukuma chakula pembeni. Tumbo likajaa, macho yakawa ya njano. Hospitali wakasema ni saratani ya ini. Daktari akauliza kama mzee ni mnywaji.

“Nikamwambia, daktari, mume wangu hata soda anaacha nusu. Akaniuliza, sasa mnakula nini? Nikamjibu kwa kujisifu kabisa: karanga, kila siku ya Mungu.”

Daktari aliweka kalamu chini. Akamweleza habari ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri au yaliyowekwa penye unyevu. Huwezi kuiona kwa macho wala kuinusa. Maji ya chumvi hayaitoi, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, inaongeza hatari ya saratani ya ini, na kwa watoto inahusishwa na kudumaa. Hujazana zaidi kwenye karanga zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizobadilika rangi.

“Yaani zile zile,” anasema Bi Darubini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi vidole vinasimama. “Nzima nawachambulia watu nisiowajua. Sumu naitoa moja moja kwa mkono wangu, naibeba kichwani, nawapelekea walio wangu.”

Daktari hakuapa kwamba ni karanga peke yake. Vipimo vilionyesha mzee ana virusi vya homa ya ini pia, na hivyo viwili, sumu na virusi, vikikutana hatari inakuwa kubwa zaidi. “Nilimwelewa. Ila moyo haujakaa mahali pake tangu siku ile.”

Saa ya chakula anakimbia nyumbani, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mume amelala karibu na dirisha, mwepesi kama nguo iliyoanikwa. Mkewe anamgeuza, anamfuta uso, anamnywesha uji kwa kijiko.

“Acha kujilaumu,” mzee anamwambia kwa sauti ndogo. “Nani alinishika mdomo? Nilikula mwenyewe, na nyongeza nikaomba.”

“Nyamaza umeze, baba,” mkewe anamjibu.

Mjukuu ana miaka minne na anavaa gauni la mtoto wa miwili. Ni miezi saba sasa haonji karanga za ndoo. Kliniki walipompima mara ya mwisho, alikuwa ameongezeka kidogo. Muuguzi alimwonya bibi asifurahi haraka, maana siku hizi mtoto anakula na maharage, huenda ndiyo yaliyomwongeza. “Mimi nikafurahi hivyo hivyo,” bibi anasema.

Ghalani mambo hayakuwa mepesi. Siku ya kwanza alipomwaga ndoo yake shimoni na kuzichanganya karanga na majivu ili mtu asiziokote, Pilipili alipiga vigelegele. “Jamani, Bi Darubini katajirika! Anazika mboga!”

Akawaeleza alichoambiwa. “Mbona sisi hatujafa?” mmoja akauliza.

“Na mume wangu alikuwa anasema hivyo hivyo,” akajibu.

Alimwendea msimamizi. Alitaka haki ya ungo ifutwe, mabovu yateketezwe, na kila mchambuaji apewe bakuli la karanga nzima kila Jumamosi. Msimamizi si mtu mbaya. Alisema, “Mama, nitaongea na mkubwa.” Huu ni mwezi wa nne anasema hivyo.

Pilipili naye aliposikia alikuja juu. “Bakuli la wiki kwa ndoo ya kila siku? Dada, unatutetea au unatunyang’anya?”

Kati ya wenzake kumi, watatu wameacha kubeba.

Saa kumi jioni kazi inakwisha. Bi Darubini anasimama kwa awamu, magoti kwanza, mgongo baadaye. Anamwaga ndoo shimoni, anakoroga majivu kwa fimbo. Nyuma yake Pilipili anajitwika ya kwake, imejaa pomoni. “Haya, mzishi wa mboga, tuonane kesho!”

Akiulizwa anatamani nini, anafikiri kwanza. “Nitoke hapa na lile bakuli. Nimtwangie mjukuu wangu karanga nzima, ale nikimwangalia bila hofu.”

Anamfuata Pilipili kwa macho mpaka anapokata kona, ndoo ikiyumba kichwani.

“Jana nilimwambia, leo nimemwambia,” anasema, akiokota ndoo yake tupu. “Kesho nitamwambia tena. Binti yake ana mtoto, ndiyo kwanza anaanzishiwa uji.”