Mzigo Umetoka

Wasomaji wangu, yule wakala wa forodha niliyewahi kuwaambieni kwamba hata mezani haweki simu chini, hatunaye. Amefariki Jumanne nyumbani kwake Njiro, usingizini. Nililia, kisha nikashusha pumzi. Presha ilimwandama miaka mingi, nasi tuliomjua tulihofia ataanguka kwenye foleni ya ofisi fulani akiulizia kontena la mtu.

Kilichomtesa ni neno moja: umetoka. Wa meli akisema mzigo umetoka, ana maana umeshuka melini. Wa forodha, karatasi zimepita. Wa malori, umevuka geti la bandari. Wote wakweli, kila mmoja na kompyuta yake! Msimu mmoja rafiki yangu akamwambia mama mkulima wa Nduruma kwamba pampu ya umwagiliaji ya kikundi chao imetoka. Mama akahamishia miche ya nyanya shambani. Kumbe pampu iko bandarini bado. Nyanya zikakauka zote. "Nisamehe mama, niliambiwa imetoka." Mama akamjibu, "Imetoka wapi, baba? Mimi huku sijaiona!"

Swali hilo rafiki yangu akalibeba hadi kwenye kikao cha kuunganisha taarifa za bandari, forodha na wasafirishaji. "Jamani, mkiunganisha kompyuta na neno hili likabaki, mtakuwa mmeniunganishia uongo!" Watu wakacheka, lakini dada mmoja wa mifumo ya kompyuta akapendekeza maneno matatu: umeshushwa, umeruhusiwa, umepita geti. Leo ndivyo tunavyosoma, wote kwenye skrini moja, na makontena hayarundikani tena uwanjani yakingoja malori yasiyojua kama yameitwa.

Kikundi kile kilipoagiza mabomba, rafiki yangu alifungua simu akasoma: yameruhusiwa, hayajapita geti, lori halijapangwa. Akampigia mwenye lori papo hapo. Halafu akampigia mama: "Miche usiiguse. Bado." Mama akanuna, lakini akasubiri. Mabomba yalipofika ndipo akapanda, maji yakitiririka. Tangu hapo rafiki yangu alianza kula chakula chake kikiwa cha moto, na mkewe ananiambia hata kukoroma alirudia. Afadhali alionja raha hiyo.

Msibani nilimkuta mama yule, nikampa pole. "Kaka," akasema, "wengi wameshaniambia 'tayari', nikalia njaa. Yeye aliniambia 'bado', nikavuna." Ndugu zangu mnaoketi mbele ya skrini hizo, anayesubiri mzigo msimtulize. Mwambieni ulipo.