Eti Mungu Mwovu Chini ya Mlima Ni Mimi

Siku niliyopewa taarifa kwamba mimi ni mungu mwovu, nilikuwa nasuka.

Aliyeleta habari ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Alikuwa kwenye kiti cha saluni yangu, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama kama zimeona mwizi.

"Wifi, hongera. Kumbe siku hizi unatisha mpaka mashujaa!"

Nieleze kidogo. Kila Jumapili mchana mume wangu na wenzake wawili, watu wazima wenye ndevu zao, hukaa sebuleni kwangu wakirusha dadu na kujifanya mashujaa. Mume wangu ndiye anayewatungia ulimwengu: falme, mazimwi, miungu. Mume wa wifi ni shujaa. Kazini anatengeneza simu. Kwangu anachinja mazimwi.

"Sasa kuna mungu anaitwa Zimwara," wifi akaendelea. "Katili, amesahaulika, kafungiwa chini ya mlima. Anahesabu vijiko vya watu. Akifungua mdomo, kuta zinapasuka. Mume wangu alivyonisimulia, alicheka mpaka akalia. Mwanamke gani huyo, kama si mke wa kaka?"

Nilivuta ule msuko mpaka macho yake yakawa membamba.

Wiki nzima nikalala chumba cha watoto. Mume akiuliza kuna nini, namjibu, "Hakuna." Walioolewa na waliooa wanaijua hiyo "hakuna". Nguo zangu nikazipanga kwenye begi.

Jumapili nikavuta kiti mezani.

"Leo nacheza. Mimi ni Zimwara."

Wakatazamana. Mume wangu akaweka dadu chini. "Mke wangu, Zimwara ni..."

"Najua ni nani. Endelea."

Mashujaa wakaingia pangoni, mapanga juu, wakisubiri moto na laana.

"Zimwara amechoka," nikasema. "Anautoboa mlima, anaondoka zake."

"Hawezi, mpaka dadu itoe sita."

Nikarusha. Sita.

Nikawasogezea dadu waione wenyewe.

"Haya, mlima unakuwaje?"

Mume wangu ana makosa yake, lakini mchezoni hadanganyi. "Unaporomoka," akasema taratibu. "Mashujaa wote wanakufa."

Mume wa wifi akashika kichwa. Alikuwa amemlea shujaa wake kuliko anavyomlea paka wake.

Walipoondoka na sura za msibani, nikalibeba begi.

"Unakwenda wapi?"

"Zimwara anarudi kwao."

Akanitumbulia macho. "Ulidhani Zimwara ni wewe?"

"Kwani nani?"

"Dada yangu! Hujamwona akija hapa? Anahesabu vijiko vyetu, halafu anatuuliza kimoja kimeenda wapi!"

Nikakaa. Kweli bwana. Vijiko vyetu, nyumba yetu, hesabu yake.

"Na mumewe anajua?"

"Unadhani alilia kwa nini? Sasa angemwambia nini mkewe?"

Nikacheka, halafu nikanuna tena. "Na mimi? Katika ulimwengu wako mzima mimi sipo?"

Akainamisha kichwa. "Wewe ulikuwa mlima."

"Mlima? Yaani mnene?"

"Yaani imara! Wewe tu ndiye unayemzuia asitoke. Na leo umejibomoa mwenyewe, mbele za watu."

Usiku huo nililala chumbani kwangu.

Funzo, wapendwa: ukiletewa tusi lisilo na jina, usikimbilie kulivaa. Mpime kwanza aliyelileta. Huenda lilishonwa kwa vipimo vyake.