Lugha Moja kwa Kichwa Kimoja

Niliwahi kumkataza binti yangu wa miaka sita kusema Kiswahili, lugha pekee aliyokuwa nayo. Nilifanya hivyo kwa utaalamu. Nilikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya ualimu pale Gitega, mzee kuliko darasa zima, na sote tuliamini kwamba ubongo wa mtoto ni kama ghala: Kirundi hakiingii, sembuse Kifaransa, mpaka Kiswahili kitolewe kwanza. Hakuna aliyetufundisha hayo. Tuliambiana tu wakati wa kula, kisha tukayaandika kwenye madaftari.

Tulikuwa tumerudi nchini kwetu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania mwaka uliotangulia. Binti alizaliwa kule. Mwaka wa masomo uliofuata angeanza darasa la kwanza, na sikutaka achekwe kama nilivyochekwa mimi kwa Kirundi changu cha kubabaisha.

Nikatumwa mkoani Muyinga kufanya mazoezi ya kufundisha, muhula mzima. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala kitanda cha wengine siku mbili naanza kujihurumia. Nilipoondoka nikamwachia mke wangu amri: neno la Kiswahili lisisikike ndani ya nyumba. Huko Muyinga nikawaeleza habari za ghala hata walimu wenye mvi. Waliitikia kwa adabu.

Niliporudi nyumbani Magarama, mtaa wetu pale Gitega, nilimkuta binti ameketi mlangoni, anachambua maharage. Akanitazama. Akaendelea kuchambua.

"Mbona hanisalimii?" nikamuuliza mke wangu.

"Kiswahili umekataza, Kirundi hajakijua. Akusalimie kwa lugha gani, baba, ya filimbi?"

Nikafuta amri palepale. Nikamwambia binti aseme lolote, kwa lugha yoyote. Akaitikia kwa kichwa. Wiki ikapita, na ya pili, hajanisemesha. Nilikula, nikaandika ripoti yangu ya mazoezi, nikalala. Sikusikia uchungu, sikusikia kitu, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino na ganzi haijaisha.

Asubuhi moja nikasikia sauti yake upande wa pili wa ua, kwa jirani yetu mshonaji, mama wa Kiislamu aliyezaliwa hapahapa mjini. Binti alikuwa anamsimulia habari za kuku, kwa Kiswahili, akichomekea Kirundi bila kujikwaa. Nilipochungulia, akanyamaza.

Nikamuuliza jirani mtoto ameanza kuongea lini. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Anaongeaka kila siku, mwalimu. Ni we tu hapendi kukuongelesha."